Kikulacho

Dakika tatu. Zikizidi, damu haisemi tena habari za maji,
inasimulia habari za mkono wako.
Ndivyo Sunnvá alivyofundishwa, na ndivyo anavyomfundisha Høgni
katika chumba kisicho na dirisha, Tórshavn, mwezi wa Februari:
chota, mlaze samoni mchanga juu ya kitambaa kilicholowa,
sindano karibu na mkia, mrudishe.

Matangi sita. Matano yametiwa vumbi la plastiki
laini kushinda wanja.
La sita maji matupu, la kulinganishia,
tangi la wasio na kesi.

Wa matano wanakula.
Wanakula, hawaongezeki.
Ini linachoma mafuta usiku kucha
kama nyumba iliyoacha taa zote zikiwaka
kwa kuwa kuna mtu mlangoni,
hagongi, haondoki.
Kotisoli inapanda, homoni ya taharuki. Oksijeni inawahi kuisha.
Samaki hajui anaogopa nini.
Anaogopa tu, na woga una bei,
unalipwa kwa nyama ya mgongo.

Lakini wiki ya saba, tangi la sita nalo likapanda.

Høgni akahesabu upya. Akabadilisha vichujio. Akalaumu mashine,
akalaumu pampu, akailaumu meli ya mizigo iliyopiga honi alfajiri,
akajilaumu kidogo, saa nane za usiku,
kipande cha mkate kikimkaukia mkononi.
Sunnvá akaweka tone chini ya hadubini.
Nyuzi.
Nyembamba, za buluu.
Akainua macho, akalitazama koti la Høgni,
zawadi ya mamake, sufu ya kiwandani isiyomjua kondoo,
limefuliwa hata halina idadi,
na kila alipoinama kuwalisha lilipukutika
kama mti usiojua msimu.
Buluu ileile.

Wako watu wenye methali kwa jambo hili.
Pale chumbani hapakuwa na wa kuisema.
Høgni alilivua polepole, akalikunja ndani nje,
akasimama na fulana, vinyweleo vimemsimama,
na hakuna aliyempima damu.

Kesho yake alikuja na sweta la bibi yake,
linawasha shingoni, linanuka mvua.
Matangi sita. Siku ya kwanza tena.

Koti limo mfukoni, mfuko umefungwa,
nao ni wa plastiki, umetundikwa nyuma ya mlango.
Mwezi wa pili sasa.
Hajapata pa kulitupa.