Koti

Wiki tano nilikaa na koti mwilini
kwenye kiti kilicho karibu na mlango,
vifungo vimefungwa hadi kooni,
na hakuna aliyeniambia: Ismo, vua.
Nje, mji wote wa Kemi ulikuwa chini ya theluji,
jua likichungulia saa sita mchana
kama mdeni, kisha likitoweka.

Mgonjwa haulizwi uji, husema watu.
Wodini sikuulizwa.
Uji ulikuja saa moja, vidonge saa mbili,
na dirisha lilifunguka upana wa kiganja, halikuzidi.
Hapa Raili alisimama na mwiko mkononi:
Mzito au mwepesi?
Nikakosa la kusema.
Miaka mingapi sijaulizwa swali
ambalo majibu yake yote mawili ni sahihi?

Wiki ya sita nikavua.
Si kwa sababu ya upendo, nisikudanganye.
Viazi vilikuwa kilo kumi na mbili
na mikono ya koti ilikuwa ikiloa.

Nikapewa kisu.
Rudia kusoma hapo: nikapewa kisu,
mimi ambaye faili langu lina mstari mwekundu
chini ya neno hilo hilo,
na aliyenipa akanigeuzia mgongo
akaenda kutafuta chumvi.

Ubaoni majina yetu yameandikwa kwa chaki:
nani vijiko, nani ngazi na theluji yake, nani simu.
Huwezi kujua, ukisoma, yupi analipwa mshahara
na yupi anamezeshwa dawa.
Muuguzi huja Jumanne kwa baiskeli ya matairi ya misumari.
Sindano yake si siri wala si sherehe;
akimaliza huosha mikono, hula pamoja nasi,
hulalamika kuhusu goti.

Sauti haijahama.
Sikufundishwa kuitimua, nilifundishwa kuipangia saa:
saa kumi, sufuria zikishaoshwa, sema unavyotaka.
Siku nyingine inakubali.
Siku nyingine inavunja mlango saa nane za usiku
nami naketi jikoni kwangu, taa zote zinawaka,
nikihesabu vijiko vya kesho.

Alhamisi moja zamu ya simu iliniangukia.
Voitto hakuwa ameonekana siku tisa.
Nikapiga. Ikaita, ikachoka.
Nikapiga tena.
Tukaenda, mimi na Raili, nyuma ya kiwanda cha karatasi,
ghorofa ya tatu, lifti mbovu,
magazeti yamerundikana kwenye zulia la mlangoni.

Nendeni, ilisema sauti ya ndani.

Raili hakusema kitu. Alinitazama mimi.
Nilikuwa na maneno mazuri, ya kijitabu,
yamepangwa kama soksi kwenye droo.
Yote yakaniponyoka.
Nikasema: Ni Alhamisi. Supu ya njegere.

Kimya kirefu. Bomba likanguruma ukutani.
Kisha: Kuna haradali?

Ipo, nikasema.
Haikuwapo. Tukapitia dukani.

Hakuja Alhamisi ile, wala iliyofuata.
Chupa ilikaa kwenye friji, jina lake juu ya kifuniko,
na Pirkko, ambaye huchovya kidole katika kila kitu,
hakuigusa.

Alhamisi ya tatu mlango ukafunguka.
Koti hadi kooni, ndevu za mwezi mzima,
viatu vikidondosha maji.
Akakaa kwenye kiti kile.

Nikamsogezea haradali.
Nikachukua mwiko.
Nzito au nyepesi?

Akalitazama bakuli tupu
kama mtu anayesoma barua kwa lugha aliyoisahau.
Nyuma yake foleni ilikuwa inakua.
Supu ilianza kupoa.

Na ipoe.