Daftari la Maziwa

Saa kumi na moja na nusu, Kuresoi bado imejifunika ukungu,
nami nawasha taa ya betri, nafungua daftari.
Anaingia Tapsabei, lita saba.
Anaingia Gathogo, lita tisa na nusu,
na ile nusu huidai kama mtu anayedai mahari.
Nachovya kipimo, nasoma, naandika.
Jina, lita, sahihi: safu tatu tu.
Ya kabila haimo.
Mistari nilichora mwenyewe, kwa rula ya mwanangu.

Walikuja mwaka ule wa mvua ya mawe:
gari jeupe, mama mrefu wa kizungu, Anneke,
na kijana wa Nairobi mwenye kalamu za rangi nne.
Walishakuwa na ramani. Jumba la Amani,
viti mia mbili, jukwaa,
na ubao wa nembo pale njia panda
nusura uwe mkubwa kuliko jumba.
Tukanyamaza.
Kunyamaza tunakujua, tulifunzwa na moto.

Ndipo Wangechi, asiyefungua mdomo mikutanoni
tangu nyumba yake igeuke majivu, naye ana mimba ya miezi minane,
akasimama, leso mkononi:
"Amani ya vitini tumeshaikalia.
Tumekaa Molo, tumekaa Keringet, tumekunywa soda.
Mimi maziwa yangu ya jioni yanaharibika.
Na yule" (kidole kikavuka chumba, kikamfikia Tapsabei)
"ya kwake pia yanaharibika.
Tunayamwaga kijito kimoja, saa moja,
kila mmoja akijifanya hamwoni mwenzake.
Tuleteeni kitu cha kupoza."

Kijana akatafuta rangi ya kuandikia hayo.
Anneke akauliza, kwa Kiswahili chake cha kuchechemea:
tangi, amani yake itapimwaje?
Hakuna aliyejua. Mpaka leo sijui.
Miezi saba barua zilikwenda na kurudi,
maana kwenye fomu zao maziwa hayakuwa na kisanduku.
Lakini alizituma. Hilo namwandikia.

Sisi tukatoa mawe, mchanga, na ugomvi wa mahali pa kujenga.
Mwishowe tukajenga darajani,
palepale palipolazwa magogo, watu wakaulizwa majina yao.

Kisha ukaja mwaka wa kura.
Vikaratasi vikaokotwa asubuhi, vimelowa umande.
Mtu akamnong'oneza Gathogo: maziwa ya ng'ambo yana kitu.
Gathogo akajibu: yameshachanganyika na yangu,
nitayachambuaje?
Usiku ule vijana wa huku na wa kule walilinda tangi
wakipokezana koti moja.
Msiseme ni upendo. Ndani mlikuwa na lita elfu moja na mia mbili,
na anayebeba kiberiti
hana budi kukumbuka zipi ni za mama yake.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga.
Hawakusema mgeni akiondoka
spana atashika nani.
Mradi ulikwisha, gari jeupe likashuka mlima.
Ubao wa nembo, ule mdogo tuliowakubalia,
sasa ni paa la kuku wa Kipsoi.
Mashine ilipokufa mwezi wa Agosti
tulikuwa tumeweka shilingi moja kwa kila lita;
fundi akaja kutoka Njoro, akalipwa, akapewa na chai.

Juzi Anneke ameandika. Amestaafu, ana bustani.
Anauliza kama watu wamepatana.
Nimekaa na kalamu mpaka chai ikapoa.
Nimwambie nini?
Mashamba mawili bado yako kortini.
Kuna njia ambayo sipiti jioni.

Mlango unagonga. Ukungu unaingia kwanza,
kisha Wangechi na mtungi wake.
Tapsabei anasogea, anampisha kwenye mizani.
Hawasalimiani.
Wangechi hajasamehe.
Ameleta lita sita.