Kinyume cha Punda

Rimu nne za gari zimevuka kutoka Mokowe
ndani ya gunia la mchele.
Kisiwa hiki hakina kazi na rimu;
mimi ninayo.
Hapa Wiyoni, nyuma ya ukuta wa matumbawe
uliomeguka kwa mvua ya mwaka juzi,
nina tanuri, kalibu ya chuma, jeki ya lori
na deni la kamati ya maji.

Wanataka gurudumu la pampu, mapanga matano.
Mara tatu nimelisubu, mara tatu limeniaibisha:
nikilipasua kwa msumeno, ndani vishimo,
kama mkate wa mofa wa mpishi mwenye haraka.
Alumini ikiwa maji kabisa huingia kalibuni inacheka,
inaruka, inameza hewa,
kisha ikipoa hunywea na kukuachia mashimo.
Nilidhani kosa langu ni moto mdogo.
Kosa langu lilikuwa moto mwingi.

Mkono ndio uliokumbuka kabla yangu.
Miaka minane nilikoroga halua kwa shangazi Somoe, Langoni,
nikafukuzwa kwa kuunguza sufuria ya arusi ya watu.
Halua huwa maji saa nzima,
halafu, hujui ni lini, si maji:
inaushika mwiko, inabishana nawe.
"Usiiwate!" atakupigia kelele. "Ikilala imekufa!"

Basi leo nimeuzima mvukuto mapema.
Nimetia mchi niliopaka chokaa
(bila chokaa, alumini huula mchi wenyewe)
nikakoroga huku inapoa.
Nyuzi mia sita na ishirini.
Mia sita na kumi.
Humo chunguni, pasipoona jicho,
miti imeanza kuota.
Ndivyo madini yagandavyo, kwa matawi:
msitu wa mikoko usio na jani hata moja,
kila tawi likimnyima jirani nafasi,
na kati ya mizizi hewa imenaswa kama kaa.
Nakoroga. Matawi yanakatika.
Vipande vinasuguana, vinajiviringa,
vinakuwa punje, mtama uliolowa,
vinateleza ndani ya uji uliobaki.
Bega linauma palepale lilipouma zamani.

Mia tano na themanini.
Twalib, kijana wangu wa kazi, anauliza,
"Sasa hii ni maji au jiwe?"
Nampa kisu. Anakata bonge,
na bonge linasimama lenyewe juu ya koleo,
kijivu, zito, halimwagiki,
kana kwamba halijui kuwa nusu yake ni maji.
"Sasa lisukume."
Likisukumwa linalegea. Likiachwa linashupaa.
"Kinyume cha punda," asema Twalib,
na tukacheka hata mpini wa jeki ukaniponyoka.

Nikaushika tena, nikapiga.
Haikuruka. Haikucheka.
Iliingia kalibuni polepole, uso mmoja,
kama mtu mzima aingiaye msikitini,
mguu wa kulia kwanza.

Tulifungua kabla ya adhuhuri.
Mapanga matano. Moja limepungua ukingoni,
upana wa ukucha, pale tulipocheka.
Twalib akaleta msumeno.
Nikamwambia aurudishe.
Nikalining'iniza kwa kamba, nikaligonga kwa spana:
likalia, likaendelea kulia,
mpaka jirani akachungulia kuuliza nani amenunua kengele.
Ndani mna nini, sijui.
Pampu itasema kesho.

Jioni nikapita Langoni.
Shangazi alikuwa amesimama juu ya sufuria yake,
mkono mmoja kiunoni, mmoja kwenye mwiko,
samli imeanza kujitenga pembeni.
Nilitaka kumweleza habari za miti,
za matawi, za nyuzi mia tano na themanini.
Akaiangalia mikono yangu, myeupe kwa chokaa.
"Usiguse kitu."
Akanipimia robo ya halua ya jana, ya chini, iliyoshika sufuria,
akanitoza bei kamili.