Sifuri ya Juma la Sita

Kijito kinachotutenga na Latvia
hata mbwa mzee hukiruka bila kujikunja.
Nguruwe mwitu hawana haraka hiyo: hugaagaa humo kwanza,
kisha hupanda ng'ambo wakikung'uta manyoya,
na hakuna anayewadai pasipoti.

Mimi Helve, daktari wa mifugo upande wa Estonia,
mzoga mmoja huuandikia mstari mmoja.
Ilgvars, ng'ambo, pori zima huliandikia mstari mmoja,
wawe wamekufa wawili, wawe kumi na tisa.
Tarehe yangu ni siku pua ya mbwa ilipoufikia mzoga;
yake ni siku maabara ilipojibu.
Basi nguruwe mmoja, homa moja,
alikufa mara mbili, siku tisa katikati,
na kwenye ramani yetu ya pamoja
akaonekana ni ugonjwa unaotembea.

Tulicheka. Tukaahidiana kurekebisha baada ya Pasaka.

Februari ile theluji ilifika kiunoni.
Wawindaji walijifungia na chupa zao.
Juma la sita hakuna aliyeingia msituni,
na jedwali langu halikubali kijisanduku kitupu:
liliwaka jekundu, likawaka tena,
mpaka nikaliwekea sifuri, nikaenda kulala.
Kimya cha msitu nilikivika tarakimu.

Ilgvars akaisoma sifuri yangu kwa desturi ya kwao.
Kwao sifuri ni kusema: tumetafuta, hatukuona.
Akalegeza amri. Akamruhusu Bi Dzidra
kukata majani ya kulazia nguruwe wake
pale pale ukingoni mwa msitu.

Kumi na wanne. Nilikwenda mazikoni,
kama shimo la chokaa laweza kuitwa kaburi.
Hakuniuliza kitu. Alishika ndoo
ya maganda ya viazi, bado yakitoa mvuke,
akitafuta kwa macho pa kuyamwaga.

Kwenye taarifa ya Ilgvars: tukio moja.
Kwenye yangu ingekuwa mistari kumi na minne.
Kwenye ya Dzidra sijui; hakuna aliyempa safu.

Sasa kila Jumanne tunakaa meza moja, tunabishana:
mabanda mawili ya ndugu wawili, kisima kimoja,
je, hilo ni kundi moja au mawili?
Chai inapoa. Hatujapatana.
Nimeshinda jambo moja tu mpaka leo,
safu nyembamba kando ya sifuri:
*Kuna aliyekwenda kutazama?*

Jana niliijaza kwa mara ya kwanza.
Hapana, niliandika.
Ilgvars akanipigia simu usiku uleule.