Wiki Tatu za Kuchomelea, Newala

Kwetu lipiko huvaliwa na wanaume.
Mimi Somoe, bibi wa wajukuu watatu,
Jumatatu nilivishwa langu:
plastiki, kioo cheusi, mkanda kisogoni.

"Mama, moto usiutazame kwa macho matupu,"
akasema mwalimu Chitanda,
huyuhuyu niliyempangusa kamasi chekechea.
Nikautazama.
Usiku kucha macho yakaniwasha
kana kwamba nimemwagiwa mchanga wa Newala nzima.

Wiki ya pili rodi ilinigandia mara tisa.
Watu wakacheka, nami nikacheka,
nikaing'oa.

Ya tatu, chuma kikakubali chuma.

Kwenye cheti wameniandika "Somwe".
Sikukirudisha.
Jina langu liko kwenye bawaba za ghala la korosho,
mshono wa kombokombo,
mwandiko wa mtoto.

Usukume huo mlango.
Tena. Kwa bega.