Pembezoni mwa Daftari

Wanasema mali bila daftari hupotea bila habari.
Mimi nimekaa na daftari miaka thelathini na miwili,
ofisi ya hati za ardhi, Bukavu, chumba cha nyuma,
na nimeona mali isiyojua kupotea.

Kitabu cha kwanza, wino umegeuka rangi ya chai:
jina moja, viwanja vitatu Muhumba.
Kitabu cha tatu: mwana wa jina lile, viwanja tisa
na kilima kizima cha kwinini njia ya Kavumu.
Kitabu cha sita: mjukuu. Hapo niliacha kuhesabu,
nikawa nalitambua jina kwa umbo lake tu
kama unavyotambua kikohozi cha jirani.

Hakuna aliyeiba. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.
Kila kifo kilileta karatasi, karatasi ikapata muhuri,
serikali ikachukua bei ya muhuri.

Babu yangu Zihindula alitozwa kodi ya kichwa.
Kichwa ni kichwa, alisema karani wa wakati ule,
na aliyekosa alikwenda kuvunja mawe ya barabara.
Babu alizeeka akijipapasa utosi
kama mtu aliyeazima kofia.
Basi kutoza walijua! Hakuna aliyelia
kwamba vichwa vitakimbilia ng'ambo.

Sisemi zamani za mwami kulikuwa na haki.
Ng'ombe wa kalinzi alipanda mlima;
sikusikia kwamba aliwahi kushuka.
Na Wafaransa, ambao shuleni tuliwasoma kuliko tulivyojisoma:
mabwana wao walisamehewa kodi, mkulima akalipia hadi chumvi.
Mwalimu alituchorea siku ya kelele na moto,
miaka ya msamaha akairuka.
Padri naye, ile habari ya mwaka wa hamsini,
pembe kulia, shamba kurudi kwa waliolipoteza,
aliisoma mbio kama tangazo la ndoa.

Jana amekuja kitukuu. Kijana mpole, ana barua ya avoka.
Aliniuliza Panzi iko upande gani.
Ana viwanja vinne Panzi.

Nilimpigia muhuri. Nikateremka hadi Nyawera
kwa Namwezi muuza sambaza, anayekatiwa tiketi ya soko
kabla hajauza hata kikombe kimoja.
Nyumba yake ya Kadutu iliondoka na mvua ya Aprili;
mtaro haukuwepo. Sikumwambia nilikotoka.
Alinipimia, akaniongezea kiganja.

Leo nimebaki ofisini baada ya wengine.
Nimefungua kitabu cha kwanza,
na kando ya kila kifo nikapiga hesabu:
sehemu moja ya kumi, hiyo tu,
ibaki mjini marehemu anapoondoka.
Mazishi ya kwanza: mtaro, kutoka juu Kadutu hadi ziwani.
Mazishi ya pili: shule, na paa lake.
Ya tatu sijamaliza, umeme umekatika.

Sina ugomvi na wafu.
Baba yeyote humwachia mwana kiti;
sijui lini tulikubali amwachie na mlima.

Nimeandika kwa kalamu ya risasi,
risasi pekee niliyowahi kushika.
Anayetaka kufuta, afute.
Ila itambidi asome kwanza.