Alama Kwenye Mwimo

Lilianza Januari, mwezi wa kupogoa mitufaha,
theluji magotini, nami juu ya ngazi
nakata kwa msumeno machipukizi
yaliyosimama wima kama watoto wakaidi.
Nilidhani nimelala vibaya.
Nilidhani ni baridi. Huku kwetu Aomori
baridi husingiziwa kila kitu.

Machi sikuweza kufunga kamba za aproni.
Yoshiro alinifungia bila kuuliza,
fundo la mtu aliyezoea magunia.
Usiku, ubavu wa kushoto ukawa haramu:
nikijisahau nikageuka, saa nane hiyo
naamka meno yameumana,
nangoja moto urudi jikoni kwake.

Bi Kasai wa ng'ambo ya barabara akacheka:
"Bega la hamsini hilo!"
Ndivyo tuliitavyo, kana kwamba ni zawadi ya kuzaliwa.
Nina hamsini na tatu. Langu lilichelewa,
kama barua wakati wa theluji.

Daktari Narumi hakucheka.
Aliniambia niinue mkono; nikainua nilipoweza.
Kisha akaushika yeye, nikaulegeza kama nguo mbichi,
akausukuma taratibu,
ukagota palepale.
"Hapo," akasema, "ndipo penye habari.
Ingekuwa misuli tu, mimi ningeupitisha.
Huu umefungwa kwa ndani."

Eksirei ikaonyesha mifupa misafi.
Akapima na sukari ya damu,
maana kisukari na bega hili wanajuana tangu zamani.
"Kiungo kina mfuko wake. Wako umevimba, ukanywea,
kama soksi ya sufi iliyofuliwa kwa maji ya moto."
Utanyooka lini?
Akatazama dirishani. "Mwaka. Pengine miwili. Pengine na ushee."
Nilimpenda kwa kutonidanganya,
nikamchukia mpaka kituo cha basi.

Sindano ilinirudishia usingizi. Mkono haikuurudisha.
Mkono ulitaka kazi ya kila siku:
kuinamia meza na kuuning'iniza,
ubembee kama kengele iliyokatwa ulimi;
kuvuta taulo nyuma ya mgongo;
kupandisha vidole viwili ukutani,
hatua za mlevi anayepanda kilima.
"Usilazimishe," alinionya.
"Avunjaye mlango hulala na baridi."

Nyumba yetu haina ukuta mtupu.
Nikatumia mwimo wa mlango wa jikoni,
pale tulipompimia Kohei kila Aprili,
mistari ya penseli, tarehe kwa mwandiko wa mama mkwe.
Siku ya kwanza vidole vyangu vilikwama
kwenye miaka saba.
Nikasimama pale, naye mbele yangu:
pengo la meno mawili,
mkoba mpana kuliko mgongo.

Mwezi mzima, miaka saba.
Maua yakapukutika, wenzangu wakapunguza matunda machanga,
mimi miaka saba na nusu.
Theluji ya hapa husoma kalenda.
Bega halijui kusoma.

Oktoba maumivu yaliondoka bila kuaga.
Ugumu ukabaki sebuleni,
mgeni aliyesahauliwa na mwenzake.
Majira ya kuchipua yaliyofuata, miaka kumi.
Kisha, katika wiki moja, kumi na tatu!
Hata yeye alirefuka hivyo,
tukaona suruali tu zimekuwa fupi.

Januari ya tatu hii. Yoshiro yuko juu ya ngazi,
mimi nakata matawi ya chini na kumkosoa.
Aproni nimefunga mwenyewe.
Nimefika kumi na sita.
Juu umebaki mstari mmoja,
wa Aprili aliyohamia Osaka,
uliochorwa haraka, teksi ikinguruma nje.
Naukosa kwa upana wa tufaha.

Jumapili alipiga simu, akaulizia bega.
"Limetimiza miaka kumi na sita," nikamwambia.
Akanyamaza kidogo,
kisha akauliza kwa upole
ni dawa gani hizo ninazopewa.